Makopo Saba Ndani ya Hotpoti

Koti langu la kazi lilikuwaga linasimama lenyewe. Nikilivua nikaliweka pale mlangoni, halianguki. Linabaki wima, mikono imejitanua, kama mkwe aliyekuja bila taarifa anasubiri akaribishwe. Inzi akitua kwenye kola, hapo hapo anageuza miguu juu. Paka wa jirani alilinusa siku moja akahama mtaa. Wanasema yuko Mbagala, hataki tena kusikia habari za Temeke. Mke wangu naye alishatoa hukumu siku nyingi: "Koti lilale nje. Na wewe ukiendelea kunuka hivyo, mtalala wawili."

Mie zimamoto. Si wale wa serikali, hapana, wale wana nyota mabegani. Sie ni kikosi cha tajiri mmoja mwenye magodauni huku Temeke, ametununulia gari moja jekundu lenye umri wa kuitwa bibi, pampu moja, na mitungi miwili ya hewa kwa watu wanane. Moto ukiwaka kwenye magodauni yake ni kazi yetu. Ukiwaka kwa jirani tunaitwa pia, hatuwezi kukaa tunaangalia watu wanaungua. Niliingia kazi hii kwa sababu nilikuwa kuli, na mpira wa maji ambao wanaume watatu wanaubeba huku wanalia, mie nilikuwa naubeba begani peke yangu huku napiga mluzi. Shule sina. Nimezaliwa Pugu kwenye moshi wa matanuri ya mkaa, na miaka yote niliamini mapafu yangu yalishapakwa lami toka utotoni, moshi mwingine ukija unateleza tu.

Sasa pale kikosini koti halifuliwi. Hakuna aliyeandika popote, lakini kila mtu anajua. Koti jeusi ndio cheo. Ukija na koti safi la njano wewe bwana harusi, utachekwa mpaka moto wa kwanza ukuchome. Mgeni akipewa koti jipya tunamshika, tunampaka masizi kifuani na kwenye kola, tunampigia makofi, basi, ameshakuwa mwenzetu. Na tuliambiana, wakubwa na ndevu zetu, kwamba ukilifua moto unaofuata utakuona mgeni. Langu lilikuwa na miaka tisa. Koti tunalivaa, tunalikalia, mvua ikinyesha tunajifunika, na mchana tukijinyoosha kituoni tunalikunja linakuwa mto. Shavu juu ya masizi ya godauni la matairi! Ukiamka una ramani ya Afrika usoni, pamoja na Madagaska.

Barakoa za mitungi ni mbili, kwa hiyo tunapokezana. Anayenitangulia mie ni dereva wetu. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani wangu anaweka ugoro mdomoni toka alfajiri. Ukipokea barakoa kutoka kwake, ndani kuna bwawa. Kuna mate, kuna ugoro, kuna kitunguu cha mchana. Unafumba macho, unavaa. Nimeingia kwenye moto wa kuyeyusha nondo, lakini hakuna moto niliouogopa kama nilivyoogopa ile barakoa.

Halafu maziwa. Moto ukizimika, kapteni wetu anatuma ndoo ya mtindi, kwa sababu maziwa yanasafisha moshi kifuani. Hilo lilikuwa halina ubishi. Kikombe ni kimoja, cha bati, kinazunguka watu wanane wenye midomo myeusi. Wa kwanza anakunywa maziwa. Wa nne anakunywa maji ya kuoshea sufuria. Wa nane anakunywa zege. Tulipozima karakana ya masofa kule Manzese, yale magodoro ya sponji yaliyotoa moshi wa njano, nilikuwa wa nane. Nilikunywa, nikajifuta mdomo kwa mkono wa koti, nikachukua andazi kwa vidole vile vile. Siku tatu nikipenga kamasi zinatoka kama wino. Mtani wangu akaniambia, "Mtani, zikusanye hizo, tupake viatu."

Tulicheka.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayotaka kusimulia, tulimzika mzee wetu wa pampu. Alianza kukonda. Tukamwambia vidonda vya tumbo, kula ndizi. Akazidi kukonda. Tukasema taifodi. Mwingine akasema kuna mkono wa mtu. Aliendelea kuja kazini mkanda wake unazunguka kiuno mara mbili, na chooni anakaa mpaka tunamgongea, na sie tunamtania kwamba amepangisha humo. Alipofika hospitali ya kueleweka, daktari alimwambia ni kansa ya utumbo mpana, imeshatembea mpaka kwenye ini. Ilikuwa haiumi, mzee mwenyewe alisema. Mwanzoni kabisa ilikuwa haiumi popote.

Tajiri akaogopa, nadhani, maana alituletea sista kutoka zahanati. Binti mdogo, miwani mikubwa, mpole, shikamoo kwa kila mtu, halafu anakuchana. Siku ya kwanza alichukua pamba nyeupe, akamfuta kapteni shingoni nyuma ya sikio. Pamba ikatoka nyeusi kama imechovywa kwenye oili chafu. Na siku hiyo kapteni alikuwa ameoga.

"Baba zangu," akasema, "hiki mnachovaa kama cheo ni sumu. Inaingia kwa ngozi, inaingia kwa pua, na mnaila kwa mikono. Watu wa moto wanapata saratani kuliko watu wengine, na nyie mnailea kama mtoto."

"Tunakunywa maziwa, mwanangu," kapteni akajitetea.

"Maziwa yanakwenda tumboni, baba. Moshi umekwenda kifuani. Hayo mawili yanakutana wapi?"

Miaka yote hiyo, hakuna mmoja wetu aliyewahi kujiuliza yanakutana wapi.

Kisha akatoa makopo. Vikopo vidogo vya plastiki, kifuniko chekundu, na ndani ya kifuniko kuna kijiko kidogo kama cha kulishia kuku. Akaeleza bila kupepesa: kila mtu alete choo kikubwa, kiasi cha punje ya hindi, asubuhi. Kuna damu ambayo macho hayaioni, mashine inaiona. Ikionekana mapema, kinachoota kinakatwa kikiwa kidogo, mtu anarudi kazini. Kikisubiriwa mpaka kianze kuuma, habari yake ndiyo ile ya mzee wa pampu.

Alipoondoka kikaanza kikao. Wanaume saba, watu wa kupita juu ya paa linaloungua, tumekaa tunaangalia kikopo kama kitatung'ata. Kwanza kinyaa. Pili aibu, maana sista ataandika jina la mtu juu ya mavi yake, ayajue. Lakini kikubwa kilikuwa woga. Mwenzetu mmoja aliwahi kukutwa na presha, akashushwa kwenye gari, akapewa filimbi ya kuongozea malori getini. Zimamoto aliyeshushwa kwenye gari ni kama jogoo aliyenyonyolewa. Hakuna aliyetaka filimbi.

Hapo ndipo kapteni alipoleta akili yake kubwa. "Sisi kikosi," akasema. "Barakoa tunapokezana. Kikombe chetu kimoja. Sahani moja. Kwa nini hili tutengane? Tumtafute mmoja mwenye tumbo zima, atutolee wote."

Na nyie mnaosoma mtacheka, lakini pale kituoni jambo hili liliingia akilini kama maji kwenye mchanga. Tulikuwa tumezoea kuchangia kila kitu kiasi kwamba hata hilo halikutushtua. Ishu ilibaki moja tu: tumbo la nani?

"La mtani wangu," dereva akasema, ananionyesha mie. "Huyu Mzaramo anakula mihogo mibichi na bado anaimba. Anakwenda chooni saa kumi na mbili kamili, ukitaka urekebishe saa unamsikiliza mlango."

Nami badala ya kukataa, nikavimba kichwa! Nikasimama, nikajipiga tumbo. "Hili ni mashine ya kukoboa," nikawaambia. "Ukinipa misumari nitakurudishia waya." Wakanipigia kura. Mikono sita ikaenda juu. Nimewahi kuona watu wakifurahia kuchaguliwa ujumbe wa mtaa. Mie nilifurahia kuchaguliwa kunya kwa niaba.

Mtu mmoja tu alikataa, naye ni dada mmoja tuliyekuwa naye kikosini, mwanamke peke yake kati yetu. Huyo ndiye aliyefua koti lake wiki ya kwanza akaitwa bibi harusi. Alichukua kopo lake akaliweka kwenye pochi. "Nyie mnaingia motoni halafu mnaogopa kikopo," akasema. "Mie changu nitapeleka mwenyewe. Pthuu."

Asubuhi yake nikaingia chooni na makopo saba. Tunakaa nyumba ya wapangaji, vyumba sita, choo kimoja, na saa ile kila mtu anakitaka. Nikatandika gazeti, nikapanga makopo mstari kama nacheza bao. Nisieleze yote. Niseme tu kwamba mtu anayechota mavi yake mara saba kwa kijiko cha kuku, amechuchumaa, jasho linamwingia machoni, kifuniko kimoja kimemponyoka kinaelekea tunduni na yeye anakidaka kwa mkono alioshikia kingine, mtu huyo hawezi kujidai tena mbele ya binadamu yeyote. Harufu ilikuwa ya kung'oa rangi ukutani.

Nje mpangaji mwenzetu, mama wa chumba cha tatu, akagonga. "Shikamoo baba. Samahani, humo kuna mtu au kuna mkutano?"

"Marahaba. Natoka."

"Ulisema unatoka toka adhana!"

Nikafunga vifuniko, nikafunga mfuko, mfuko juu ya mfuko. Sasa, nitabebea kwenye nini? Sista alisema yasipigwe jua. Chumbani macho yakaangukia hotpoti ya mke wangu. Hotpoti ya maua ya zambarau, aliyopewa kwenye kicheni pati yake, anayowekea chapati za wageni. Haipitishi joto. Nikaingiza, nikafunga, nikapanda bodaboda nimeikumbatia kifuani. Dogo wa bodaboda ananusa hewa, ananiuliza, "Mzee, umebeba kiporo?" Nikamwambia kaza mwendo.

Kituoni nikawagawia wenzangu, kila mtu kikopo chake, kila mtu akaandikisha jina lake kwa sista kwa adabu, utadhani ametaga mwenyewe. Mtani wangu alikishika chake kwa vidole viwili, akanong'ona, "Mtani, bado cha moto. Ubarikiwe."

Hotpoti niliiosha kwa sabuni mara kumi na mbili, nikaimwagia dettoli, nikairudisha kabatini. Kisha kila nikiona chapati nyumbani nasema nimeshiba.

Wiki tatu zikapita. Sista akarudi, akaweka meza kwenye stoo ya mipira, akaanza kutuita mmoja mmoja. Sie wengine tumekaa nje kwenye benchi, kuna mihogo ya kukaanga, tunakula, tunapiga soga.

Akaingia kapteni. Akatoka anajifuta jasho. "Wameona damu," akasema. "Ameniambia niende kwenye kamera, ile wanayoingiza kwa nyuma kuchungulia utumbo." Tukampa pole, masikini kapteni.

Akaingia wa pili. Akatoka. "Na mie damu."

Akaingia wa tatu. Alipotoka alikuwa amekodoa macho. Ananikodolea mie.

Nikaacha kutafuna. Ule muhogo ulikaa mdomoni kama udongo. Nilianza kuelewa pole pole, kama unavyosikia moto ndani ya ukuta kabla hujauona: joto tu kwanza, ukiweka kiganja. Wa nne akatoka, damu. Wa tano akatoka, damu. Kila anayetoka anakaa kwenye benchi mbali kidogo na mie, kama nitawaambukiza. Akaingia yule dada, akatoka anatikisa mabega. "Mie safi," akasema, halafu akaniona uso, akainamisha kichwa.

Mtani wangu alipotoka, nilimsubiri anirushie dongo. Tumetaniana miaka kumi na saba. Siku nilipomzika baba yangu, huyu mtu alilala kwenye jeneza tupu pale msibani akasema hatoki mpaka apikiwe pilau. Hajawahi kuniacha bila neno. Siku hiyo alinipita, akakaa, akainamia mikono yake. Hakusema hata "Mzaramo".

Nikaingia mie, wa mwisho. Sista miwani imemteremkia, ana hofu mwenyewe. "Baba, samahani, na kwako pia kuna damu. Watu saba kati ya wanane! Sijawahi kuona. Kuna kitu hapa kituoni kinawamaliza. Nataka maji yapimwe, chakula kipimwe. Na kwa sababu hali hii si ya kawaida, nitawarudishia makopo mapya Jumatatu tuhakikishe kabla ya kamera."

Nikasema haya mwanangu. Basi. Nikatoka.

Nje kapteni alishaita kikao nyuma ya gari. "Jamani, poleni. Pole zaidi kwa mwenzetu hapa. Lakini tumepata bahati, kipimo kinarudiwa." Akamgeukia yule dada, akapunguza sauti ikawa ya kuchumbia. "Mdogo wangu. Wewe umethibitika. Jumatatu utatusaidia makopo saba."

Na mie, sikufichi, moyo ulinirukia kwa furaha. Nikaona filimbi ya getini inakwenda mbali. Nikajiona Jumatatu nimeandikwa safi, kwa mavi ya mtu mwingine, napanda gari langu. Nilisema, tena mie ndiye niliyesema, "Dada, mihogo hii yote kula wewe."

Alitutazama mmoja mmoja. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu aliye hai. "Mnajua mnachoniomba? Mnataka mavi yangu yamfunike huyu mpaka afe. Mtamkuta ameinama kwenye pampu kama yule mzee, halafu mje mniambie tumbo langu lilikuwa zuri." Akachukua sahani ya mihogo akaimwaga kwenye ndoo ya taka. "Mnanuka. Wallahi mnanuka, na si makoti."

Mtani wangu akatema ugoro wake wote chini, tope jeusi, puu, karibu na kiatu changu.

"Mtani," akasema. "Msiba wako nimeupangia utani siku nyingi. Nitavaa gauni la mkeo. Nitalala kaburini kabla yako. Nitawauliza ndugu zako kama kaburi lina choo, maana marehemu alikuwa hakosi saa kumi na mbili. Lakini utani huo nimeupanga kwa mzee wa miaka tisini, asiye na jino hata moja. Sijaupanga kwa wewe hivi ulivyo. Hauchekeshi. Nenda kamwambie yule binti."

"Watanishusha kwenye gari."

"Utashuka kwa miguu, ama utashushwa na sie sita tumekubeba. Chagua."

Sista alikuwa anafunga begi. Nikasimama mbele ya meza, nimevua kofia. Moto nimeusogelea mara nyingi kwa hatua nyepesi kuliko hizo.

"Sista, yale yote ni yangu."

"Yapi, baba?"

"Makopo. Yote saba. Nilitoa mie, nikawagawia."

Alikaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama tena kama miwani ndiyo iliyosema. Akaangalia mikono yake. Nadhani alikuwa anakumbuka alivyohangaika na yale makopo saba, moja moja, kwa uangalifu, mavi ya mtu mmoja. "Ee Mungu wangu," akasema, akaweka kiganja mdomoni. Sikujua anataka kutapika au kucheka, nadhani na yeye hakujua. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi, baba, una damu mara saba. Hakuna cha kurudia kwako. Wewe unakwenda kwenye kamera wiki hii."

Nyumbani ikabidi nimwambie mke wangu, na ukianza kusema lazima ufike kwenye hotpoti. Alisikiliza habari ya damu ametulia. Nilipofika kwenye hotpoti akasimama.

"Mama yangu," akasema, "Jumapili iliyopita alikula chapati nne humo."

"Niliiosha kwa dettoli."

"Nne! Na akasifia!" Akaichukua, akaibeba kwa ncha za kanga, akaenda kuitupa jalalani, na mtaa mzima unamwona mwanamke anabeba hotpoti nzuri kama amebeba nyoka. Aliporudi akakaa kizingitini. Halafu akauliza, "Inauma wapi?"

"Haiumi."

Akaanza kulia. Hata yeye alimkumbuka mzee wa pampu.

Habari ya kamera nitaifupisha. Siku moja kabla wanakupa dawa ya unga, unaikoroga kwenye maji lita nne, ina ladha ya machozi ya ngamia. Nilitoa vyote. Nilitoa ubwabwa wa harusi yangu. Nilitoa mihogo ya Pugu ya mwaka niliotahiriwa. Wapangaji wenzangu walijitafutia ndoo za kujisaidia, kila chumba kikajitegemea, choo wakaniachia kama urithi. Asubuhi nikalazwa kwa ubavu, gauni limefunguliwa nyuma, nikachomwa sindano ya usingizi, na mie nilikuwa bado nawaambia wale madaktari kwamba hata moto nauingia kwa mbele.

Walikuta kitu. Daktari alinionyesha picha: kinyama kidogo, kama punje ya kunde, kimekaa kwenye kishina chake, chekundu, kinang'aa, kinachukiza. Nimeona vitu vya kuchukiza, nimeopoa maiti kwenye mtaro wa Keko, lakini kile kikunde kilinitia kinyaa kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa kimetulia. Kimejikalia humo kinakula taratibu huku mie najipiga tumbo mbele za watu. Wakakikata hapo hapo, wakakipeleka kupima. Majibu yalisema kilikuwa kimeshaanza kuharibika, bado hakijatoka mahali pake. "Ungekuja baada ya miaka michache," daktari akasema, "tungekuwa tunaongea mambo mengine." Nirudi tena mwakani wanichungulie.

Kwenye gari sikushushwa. Nilipewa mwezi wa kupumzika, na filimbi hakuna aliyenipa. Ule woga wote ulikuwa wa bure, nasi kwa ajili yake tulikuwa tayari kuzika mtu.

Siku niliyorudi kituoni nilikuta makoti yote yameloweka kwenye madebe. Sista ameamuru. Maji yaliyotoka yalikuwa mazito, yana ngozi juu kama uji uliopoa, na yana harufu ya kila moto tuliowahi kuuzima: matairi, sponji, mafuta ya nazi, nywele. Kapteni alikuwa anakanyaga koti lake kwa miguu, suruali ameikunja, ameziba pua. Langu walilifua mara sita. Lilipokauka niliona limeandikwa jina langu mgongoni. Nilikuwa sijui.

Na makopo, yaliyoahirishwa toka ile Jumatatu, yalikuwa yamerudi. Safari hii sista hakumpa mtu nafasi ya kwenda nayo nyumbani. Aliweka kiti chake mita tatu kutoka choo cha kituo, miguu ameikunja, anasoma simu, na wanaume wanaingia mmoja mmoja na kutoka kila mmoja na kikopo chake mkononi, wameinamisha vichwa. Watano walishamaliza. Wa sita alikuwa ndani toka saa nne, na saa ilikuwa inakwenda saba. Mtani wangu.

Dada akanisogezea benchi karibu na mlango. "Kaa, mgonjwa. Ndiye mwenzio huyo."

Nikagonga. "Mtani! Umepangisha?"

"Niache," sauti ikatoka ndani, imebanwa. "Hakiji. Kinajua kinasubiriwa na mwanamke."

"Nikusaidie? Cha kwangu sasa hivi ni safi, wamekisugua mpaka kinang'aa. Cha hospitali."

Sista akaniinulia macho juu ya miwani, vibaya sana.

"Hapana, mtani," akajibu. "Chako nimeshakibeba mara moja. Kaa hapo hapo mlangoni, usiondoke, mpaka nitoe changu."

Nikakaa.